Kibaraza cha Mwalimu: C moja, E moja na S ya Fizikia

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 20, naishi Igombe, Ilemela, Mwanza. Nimemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Matokeo yalipotoka nikakuta Biolojia C, Kemia E, Fizikia S, divisheni III ya pointi 14. Kidato cha nne nilikuwa na divisheni II ya 19, ila Hisabati nilipata D. Tangu mdogo nataka kuwa daktari. Mjomba anasema nirudie mtihani kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea). Mama anaanika dagaa, anasema hana hela ya kunilea mwaka mwingine nikiwa nimekaa. Kuna kaka wa steshenari huko mjini ameniambia nikimpa 80,000 ataniombea vyuo vitatu, na hiyo S “anajua namna ya kuizungukia”. Je, niombe Udaktari tu nimwachie Mungu? Na ninaweza kuambatanisha barua ya hospitali? Wiki ya Fizikia niliumwa malaria, karatasi ya pili niliifanya natetemeka. *Binti wa Igombe.*

Marahaba binti yangu. Pole na malaria, na pole zaidi na wanaokutembelea siku hizi kukuuliza “umepata ngapi?” Maana nawajua. Mtu hajawahi kukununulia hata daftari, siku ya matokeo anasimama mlangoni anataka divisheni.

Naanza na huyo wa steshenari kwa sababu ndiye mwenye haraka. Ukiingiza namba yako ya mtihani kwenye mfumo wa maombi wa chuo, matokeo yanavutwa moja kwa moja kutoka Baraza la Mitihani. Hakuna anayeyaandika kwa mkono, kwa hiyo hakuna wa kuizungukia S yako, hata awe na kompyuta tano. Anachokuuzia ni kazi ya kujaza fomu, ambayo mwenyewe unaiweza kwa simu yenye bando. Tangu 2017 maombi ya shahada yanapelekwa kwenye chuo chenyewe, na kila chuo kina mfumo wake na ada yake ya maombi. Unalipa kwa namba ya malipo kutoka kwenye simu yako, unapata risiti yako. Hapo mtu wa kati ana kazi gani?

Na kuna jambo baya kuliko hizo 80,000. Mpwa wangu aliombewa hivyohivyo. Yule kijana aliyemjazia, kwa kuona ni kazi ndogo, aliweka namba yake ya simu mwenyewe na barua pepe aliyoitengeneza palepale, nywila akabaki nayo kichwani. Mpwa wangu akachaguliwa vyuo viwili. Anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa ujumbe wa simu. Ikaenda kwenye simu ya kijana wa steshenari. Kijana alikuwa amefunga duka amekwenda machimboni Geita kutafuta maisha, simu haipatikani. Siku mbili tulikaa kwenye benchi mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli la Mchina, dada yangu ameshika ile daftari ya kuandikia wateja ambayo jirani alituazima, tukifuatisha namba za simu mstari kwa mstari. Dirisha la kuthibitisha likafungwa. Akaingia awamu iliyofuata, na kozi aliyoitaka ilikuwa imejaa. Kwa hiyo hata kama utamlipa mtu akuandikie, namba ya simu iwe yako, laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na barua pepe uifungue wewe.

Tuje kwenye alama. Nimekuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi, na kosa ninalolikuta kwa wazazi, kwa wanafunzi, na nililolifanya mimi mwenyewe, ni kusoma divisheni. Chuo hakisomi divisheni. Chuo kinasoma masomo.

Muulize mama yako, atakueleza vizuri kuliko mimi. Dagaa wakifika soko la Mwaloni, mnunuzi anayepeleka kwa walaji anaingiza mkono kwenye gunia, anasugua viganja, anasikiliza kama kuna mchanga. Anataka wa kichanja. Anayetengeneza chakula cha kuku hana habari na mchanga, anachukua hata walioanikwa chini. Ziwa ni moja na gunia ni lilelile, lakini kila mmoja anaangalia kinachomhusu. Ukipita na gunia lako ukitangaza “dagaa kilo 50, dagaa kilo 50”, hujamwambia mnunuzi yeyote kitu.

Sasa tuingize mkono kwenye gunia lako. Kwa udahili wa shahada, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inahesabu hivi kwa waliomaliza kuanzia 2016: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S, yaani ufaulu mdogo, inapewa nusu, lakini S si prinsipo (ufaulu kamili, kuanzia A hadi E). Kiwango cha chini kabisa ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Zingatia kwamba hesabu hii inakwenda kinyume na ile ya divisheni. Kwenye divisheni pointi nyingi ni balaa, huku pointi nyingi ndiyo neema. Nimeona baba mzima akitoka Misungwi na mkoba, kafurahi mtoto wake ana “pointi 17 kabisa”.

Wewe una C ya Biolojia, 3, na E ya Kemia, 1. Jumla 4.0. Umefika, kwa ukucha lakini umefika. Mlango wa shahada haujafungwa kwako, na yeyote anayekuambia “divisheni three ya 14, chuo kikuu sahau” hajafungua mwongozo wa udahili.

Hili la “sahau” naliandika nikiwa na aibu yangu. Kulikuwa na kijana mmoja wa HGL. Jiografia D, Kiingereza D, Historia F, divisheni III ya 15. Alikuja ofisini na mama yake, mama amevaa kitenge kipya kama anakwenda harusini. Nikaiona ile F, nikasema mbele ya mama yake kwamba chuo kikuu kwa mwaka huu asahau, atafute cheti. Sikuhesabu. D mbili ni pointi 4. Mama aliniangalia, akakunja karatasi ya matokeo mara nne, akaiweka kifuani, akasema “asante Mwalimu”. Yule kijana hakunisikiliza, na ni heri. Mwaka uliofuata nilimkuta ndani ya daladala ya Buzuruga, ana begi la chuo, akanipisha kiti. Sikuwa na la kumwambia.

Lakini Udaktari? Hapo nakuambia hapana, na usipoteze ada ya maombi. Udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, zenye jumla isiyopungua pointi 6. Wewe unazo mbili. S yako ya Fizikia, ambayo kwenye kozi nyingine haimuumizi mtu, hapa ndiyo mchanga mdomoni. Shahada ya Uuguzi nayo inataka prinsipo tatu. Kuomba tu na kumwachia Mungu ni kumsingizia Mungu, maana mfumo utakukataa kabla hata mtu hajaisoma sura yako.

Na barua ya hospitali haina pa kuwekwa. Nasikitika kukuambia hivyo kwa sababu nakuamini, karatasi ya pili ya Fizikia ukiwa na homa ni mateso. Wenzetu wa Marekani huomba vyuo kwa insha ya kujieleza na barua za walimu, mtu anaweza kusimulia ugonjwa wake na msimulizi akasikilizwa. Fomu zetu hazina ukurasa huo. Kiti kinatolewa kwa alama, na wenye alama kubwa wanaanza. Tunza barua yako, itakusaidia kumnyamazisha mjomba.

Zimebaki njia tatu, na sitajifanya nazipenda sawa.

Ya mjomba, kurudia. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo ni Julai au karibu na hapo, maana yake ni mwaka mzima. Si lazima urudie yote, PC anaweza kukalia masomo anayoyataka, nawe ungerudia Fizikia na Kemia. Lakini Fizikia ina mtihani wa vitendo. Utafanyia wapi mazoezi? Igombe hakuna maabara ya kukodi. Nimeona wengi wakirudia sayansi wakiwa nyumbani, asubuhi dagaa, mchana maji, usiku kitabu kwa tochi ya simu, na S ikarudi ikiwa S. Kama ungekuwa na kituo kizuri cha masomo mjini na mtu wa kukulipia, ningesema vingine.

Ya pili ni shahada inayoangalia Biolojia na Kemia bila kuilazimisha Fizikia kuwa prinsipo. Zipo, hasa kwenye kilimo, mifugo, samaki na ualimu. Sokoine kule Morogoro wana shahada ya ufugaji wa viumbe vya majini. Mtoto wa Igombe unaweza kuicheka hiyo kwa kuwa samaki umewaona tangu unatambaa, ila angalia vizimba vya sato vilivyojaa ziwani miaka hii, kisha niambie kama havitaki wataalamu. Ukisoma mwongozo wa TCU (umeandikwa kwa Kiingereza, keti na mtu anayekiweza), usiishie kwenye jina la kozi. Soma mstari wa sifa mpaka mwisho. Mara nyingi mwishoni kuna kijineno, kwamba asiye na prinsipo ya somo fulani awe na angalau S ya kidato cha sita au ufaulu wa kidato cha nne. Watu wengi wanaangukia kwenye kijineno hicho. Na ujue kwamba 4.0 ni ruhusa ya kuomba, bado kuna wenye 7 na 8 wanaogombea kiti hichohicho. Kwa hiyo usijaze machaguo yote kwa kozi ambazo kila mtu anazililia.

Ya tatu ndiyo ningeifuata kama ungekuwa binti yangu wa kuzaa. Stashahada ya Utabibu, miaka mitatu. Hii haikuulizi kidato cha sita. Inataka kidato cha nne, ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na ndani yake Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa divisheni II ya 19 wewe huendi pale kama mtu aliyeshindwa, unakwenda ukiwa juu ya wengi. Ukimaliza unaitwa tabibu, na kwenye zahanati nyingi za ukanda huu mgonjwa akiingia anayemkuta mezani ni tabibu. Ulisema unataka kutibu watu, au nilisoma vibaya?

Halafu kuna hili, ambalo nataka ulisome mara mbili. Tabibu mwenye stashahada ya GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 anaweza kuomba Udaktari baadaye, hata huko Bugando unakokuona mlimani. Wanachomdai tena ni kidato cha nne: angalau D kwenye Fizikia, Kemia, Biolojia, Kiingereza na Hisabati. Hisabati! Ile D uliyoniandikia kama mtu anayeungama dhambi ndiyo itakayokubeba siku hiyo. Wenzako wenye B tatu za sayansi na F ya Hisabati watakuwa wanarudi kukalia mtihani wa Novemba na watoto wa miaka 17, wewe unapita.

Stashahada na astashahada zipo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, nao wana mwongozo wao. Kabla hujalipa hata shilingi moja, hakikisha chuo kina usajili wao na kozi yenyewe imeidhinishwa. Kuna majengo mazuri yenye mabango makubwa ambayo usajili hayana. Na mwambie mama kuwa Bodi ya Mikopo tangu 2023 inakopesha pia baadhi ya fani za stashahada, na afya ni mojawapo. Maombi yake ni tofauti na ya chuo, yana tarehe zake, na yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wanaosajili vizazi na vifo. Cheti kama kimeliwa na panya kwenye dari, anza kukishughulikia leo.

---

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mvuvi wa Nansio, Ukerewe. Kijana wangu amepata divisheni IV ya 28 kidato cha nne. Ana D saba, na F za Hisabati na Fizikia. Hapa nyumbani wote wanasema amefeli, nami nimemwambia arudi mtumbwini. Yeye anataka kusoma mambo ya uvuvi chuoni. Naona ni kichekesho, uvuvi si ninamfundisha mimi? *Baba F.*

Nzuri, baba. Amefeli nani? Divisheni IV si sifuri. D saba ni masomo saba aliyofaulu, yamepangana kama dagaa kwenye kichanja, hakuna lililozidi lingine lakini hakuna lililooza. Kozi nyingi za astashahada zinaanzia kwenye D nne za masomo yasiyo ya dini. Kijana wako ana karibu mara mbili yake.

Wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, wana kampasi Nyegezi, mkishuka kwenye meli hamhitaji hata kulala mjini. Mwende mkaulize wenyewe ni masomo gani ya sayansi wanayotaka kwenye kila kozi, na mwambie kijana aende na namba yake ya mtihani, si maelezo ya mdomo. Unachomfundisha wewe ni kuwapata samaki. Kule wanafundisha kuwahifadhi wasioze, kuwazalisha, kuendesha na kutengeneza injini, na kupima ubora ili kiwanda kiwanunue. Kama moyo wake uko zaidi kwenye injini, VETA, wa mafunzo ya ufundi stadi, nao wapo Nyakato, na huko mkono unahesabika kuliko cheti.

F ya Hisabati inaweza kurudiwa peke yake Novemba akiwa anasoma, na akifaulu, kwenye maombi ya baadaye ataingiza namba zote mbili za mtihani. Asiifanye kuwa sababu ya kukaa. Mimi Hisabati ya kidato cha nne nilipata F, nikaanza ualimu wa shule ya msingi, na shahada yangu nimeipata Chuo Kikuu Huria nikiwa na miaka 43 na watoto wanne. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuijua hiyo F. Sasa mmeijua.

---

Mwalimu, nina E, S, S. Divisheni III ya 17. Rafiki yangu mwenye divisheni III kama mimi kapata chuo, mimi mfumo unanikataa. Ni upendeleo? *Wa Kisesa.*

Si upendeleo, mwanangu. Rudi juu usome nilivyomjibu binti wa Igombe. Divisheni yenu ni jina moja, masomo ni tofauti. Yeye bila shaka ana prinsipo mbili za kufika 4.0. Wewe unayo moja, E, yenye pointi 1, na S yenye nusu. Jumla ya masomo mawili ni 1.5.

Lakini hiyo 1.5 usiitupe. Chuo Kikuu Huria wana kozi ya msingi kwa ajili ya watu wa aina yako, na kiwango cha kuingilia kwa mwenye kidato cha sita ni pointi 1.5 kwenye masomo mawili. Umegusa palepale. Ukitoka na GPA ya 3.0, huku masomo matatu ya mkondo wako yakiwa na C au zaidi, unaruhusiwa kuomba shahada. Wana kituo hapa Mwanza. Ni masomo ya kujisimamia mwenyewe, hakuna mwalimu wa zamu wa kukuamsha, na wanaoacha njiani wengi wanaachia hapo. Kama unajijua ni mtu wa kusukumwa, chukua stashahada kwa matokeo yako ya kidato cha nne, darasani kuna kengele.

Hukuniandikia kombi yako wala matokeo ya kidato cha nne. Niletee, kila somo na herufi yake. Divisheni usihangaike kuiandika.